Hesabu mimba kwa wiki, si kwa miezi: mwongozo kutoka hedhi ya mwisho hadi wiki ya 41

Maswali ni yale yale kila siku. "Nesi ameniambia mimba ina wiki 6, lakini mume wangu amerudi kutoka Muscat mwezi mmoja uliopita, inakuwaje?" "Nina ultrasound mbili na tarehe mbili, niamini ipi?" "Mtoto anaanza kucheza lini?" "Miezi 9 imekwisha na sijajifungua, nifanye nini?" Karibu yote yana chanzo kimoja: anayeuliza anahesabu kwa miezi, anayejibu anahesabu kwa wiki, na kila mmoja ameanzia siku yake.

Hapa utajifunza kuhesabu wiki kama kliniki wanavyohesabu, kisha tupitie hatua za mimba: mtoto amefikia wapi, kliniki wafanye nini wiki hiyo, na kipi hakisubiri hadi kesho. Hesabu ni kazi yako nyumbani. Vipimo na dawa ni kazi ya kliniki.

Vitu vya kuwa navyo

- Kalenda ya ukutani ya mwaka huu na ya mwaka ujao, zenye nafasi ya kuandika. Simu ni nzuri, lakini huibiwa na kuharibika, na kumbukumbu huondoka nayo.
- Kalamu mbili za rangi tofauti, na daftari dogo.
- Kadi ya kliniki (kwa Kenya, kijitabu cha mama na mtoto) pamoja na karatasi yoyote ya ultrasound uliyowahi kupewa. Usitupe hata moja, hasa ile ya kwanza kabisa.
- Vidonge vya madini ya chuma vyenye foliki asidi. Anayetafuta mtoto aanze foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kabla mimba haijaingia. Sababu iko Hatua ya 5.
- Vikombe viwili na punje 10 za maharage. Utavihitaji kuanzia wiki ya 28.
- Namba ya dereva wa bajaji au teksi anayepokea simu usiku. Mpigie mara moja mapema umsikie.

Hatua ya 1: Pata siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho

Mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ulipoona damu ya hedhi yako ya mwisho ya kawaida. Siyo siku iliyokauka, wala siku mliyokutana, wala siku uliyotarajia hedhi ikakosa kuja. Kwenye kadi siku hiyo huandikwa mbele ya herufi LNMP au LMP.

Ndiyo maana swali la Muscat lina jibu jepesi. Katika wiki 2 za mwanzo za hesabu hii hakuna mimba kabisa: ya kwanza upo hedhini, ya pili yai linapevuka. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, mimba hutungwa karibu na siku ya 14. Kwa hiyo "mimba ya wiki 6" imetungwa takriban wiki 4 zilizopita, na mume amerudi mwezi mmoja uliopita. Ndoa zimetikiswa kwa wiki 2 hizi ambazo hazikuwa na mimba ndani yake.

Huikumbuki tarehe? Anza na matukio. Ilikuwa kabla au baada ya Idi, Pasaka, mshahara, shule kufunguliwa, harusi ya jirani? Mwislamu ana msaada wa ziada: kama hedhi ilikuja ndani ya Ramadhani, siku ulizoacha kufunga umezihesabu kwa ajili ya kulipa, na ya kwanza kati ya hizo ndiyo inayotafutwa.

Makosa matatu ya hatua hii:

Kwanza, kuhesabu matone kama hedhi. Wengine hutokwa na damu kidogo, nyepesi, ya siku moja au mbili, karibu na wakati hedhi ingekuja, kumbe mimba imeshaingia. Ukiihesabu hiyo, mimba yako itaonekana changa kwa kama wiki 4 kuliko ilivyo. Kama "hedhi" ya mwisho haikufanana na zako za siku zote, mwambie nesi na umpe pia tarehe ya ile iliyotangulia.

Pili, kubahatisha. "Andika tu tarehe 15" huharibu hesabu yote inayofuata. Kama hujui, sema hujui.

Tatu, kusahau uzazi wa mpango na kunyonyesha. Aliyepata mimba baada ya kuacha sindano, au akiwa ananyonyesha na hedhi haijarudi, hana hedhi ya kuhesabia. Huyo, na yule asiyekumbuka, anahitaji ultrasound ya mapema: vizuri zaidi kabla ya wiki ya 14, na isipite wiki ya 24.

Hatua ya 2: Tafuta tarehe ya makisio

Mimba ya kawaida huhesabiwa siku 280, yaani wiki 40. Njia ya mkato: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3 na uongeze mwaka mmoja.

Mfano: hedhi ilianza Jumanne, 3 Juni 2025. Ongeza siku 7, ni 10 Juni. Rudi miezi 3, ni 10 Machi. Ongeza mwaka, ni 10 Machi 2026. Hiyo ndiyo EDD, tarehe ya makisio. Kwa miezi mingine mkato huu hupishana na siku 280 kamili kwa siku moja hadi tatu, kwa kuwa miezi hailingani urefu. Usihangaike nazo.

Mkato huo unachukulia mzunguko wa siku 28. Kama wako ni wa siku 35 bila kubadilika, ongeza siku 7 kwenye jibu. Kama ni wa siku 24, punguza 4. Kama haueleweki, rudi kwenye ushauri wa ultrasound.

Kwa wanaohesabu kwa miezi ya mwandamo: siku 280 ni miezi 9 na nusu, kwa sababu mwezi wa mwandamo una siku 29 au 30. Bibi akihesabu miandamo 9 kutoka hedhi ya mwisho, atakuwa amefika siku kama 266, wiki 2 kabla ya makisio. Hajakosea kuhesabu, kipimo chake ni kifupi.

Tarehe ya makisio si miadi. Kati ya watoto 100, wanaozaliwa siku hiyo hasa ni kama 4 au 5. Waambie ndugu "katikati ya Machi" na utapunguza simu za "vipi, bado?"

Hatua ya 3: Andika wiki kwenye kalenda

1. Angalia hedhi ilianza siku gani ya juma. Kwenye mfano wetu ni Jumanne.
2. Jumanne inayofuata andika 1, ifuatayo 2, na uendelee mpaka 42. Namba ni wiki *zilizokamilika*.
3. Kwa kalamu ya rangi ya pili zungushia wiki za 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ndiyo mahudhurio 8 yaliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016. Kwenye mfano: 26 Agosti, 21 Oktoba, 2 Desemba, 30 Desemba, 27 Januari, 10 Februari, 24 Februari na 10 Machi. Kliniki yako ikikupa tarehe tofauti kidogo, fuata yao.
4. Zungushia pia 13, 28, 37 na 41. Utaona kwa nini.

Ukiona 20+3 kwenye karatasi, maana yake ni wiki 20 na siku 3. Si 23.

Kosa kubwa hapa ni kuzidisha miezi kwa 4. Mwezi una wiki 4 na siku mbili au tatu, isipokuwa Februari. Mwenye kufanya "wiki 40 gawa kwa 4" anapata mimba ya miezi 10 na kuanza kuulizana na watu. Mtu akilazimisha miezi, mjibu hivi: wiki ya 13 ni miezi 3, 22 ni miezi 5, 26 ni miezi 6, 30 ni miezi 7, 35 ni miezi 8, 39 ni miezi 9.

Hatua ya 4: Thibitisha

Kipimo cha mkojo cha duka la dawa hushika homoni inayoanza kutolewa baada ya kiinitete kujishikiza kwenye mji wa mimba. Pima kuanzia siku hedhi ilipotakiwa kuja, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi kabla hujanywa maji mengi. Soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi 3 hadi 5. Mstari wa pili ukiwa hafifu, bado ni mimba. Mstari uliojitokeza baada ya kijiti kukaa nusu saa mezani usiuhesabu. Ikiwa hakuna mimba na hedhi haiji, rudia baada ya wiki moja.

Kipimo hakikuambii mimba iko wapi. Maumivu makali ya upande mmoja chini ya kitovu, kizunguzungu au kuzimia, maumivu ya bega, kwa au bila damu, katika wiki za mwanzo: inawezekana mimba imetunga nje ya mji wa mimba. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Hadi wiki ya 12, usisubiri tumbo lionekane

Katika wiki hizi tumbo halionekani, na mambo mengi ya msingi yanapita kabla mwenyewe hajajua.

Wiki ya 4 kiinitete ndiyo kwanza kimejishikiza. Kufikia mwisho wa wiki ya 6 mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo unakuwa umeshajifunga. Usipojifunga chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Foliki asidi husaidia kuzuia hilo, lakini hesabu mwenyewe: wiki ya 6 ni wiki 2 tu baada ya hedhi kukosekana. Anayeanza vidonge wiki ya 10 ananufaika kwa damu yake, ila mrija ule umeshafunga au umeshashindwa. Kwa hiyo foliki asidi huanzwa mimba ikiwa bado ni mpango.

Moyo huanza kudunda karibu na wiki ya 6. Wiki ya 8 kiinitete kina urefu wa kama milimita 16 kutoka utosini hadi matakoni, punje ya haragwe, na vidole vinaanza kutengana. Kufikia mwisho wa wiki ya 10 viungo vikuu vyote vimeshaanza kuumbwa, na hapo kiinitete huanza kuitwa kijusi. Wiki ya 12 kina sentimita 5 hadi 6, kama ndimu, na kilele cha mji wa mimba kinagusika juu kidogo ya mfupa wa kinena.

Kwa kuwa viungo vinaumbwa sasa, dawa zisizo na ruhusa ni hatari zaidi sasa. Kila unapoingia duka la dawa anza na "nina mimba." Acha pombe, sigara na ugoro. Acha mikorogo na krimu za kujichubua, nyingi zina zebaki au dawa ambazo hazijaandikwa kwenye kopo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usijinunulie. Dawa za kudumu za presha, kifafa, kisukari au VVU usiziache wala kuzibadili kienyeji. Nenda nazo kliniki zikaangaliwe.

Hudhurio la kwanza lifanyike kabla ya wiki ya 12 kuisha. Tegemea haya, na ulizia lisilofanyika:

- presha, uzito na urefu;
- wingi wa damu. Chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu;
- kundi la damu pamoja na alama ya Rh (chanya au hasi);
- VVU na kaswende, vizuri zaidi ukiwa na mwenzi wako;
- mkojo kwa protini, sukari na maambukizi;
- chanjo ya pepopunda. Asiyewahi kuchanjwa hupata ya pili baada ya wiki 4;
- chandarua chenye dawa, mahali vinapotolewa.

Taja mimba zako zote zilizopita, hata zilizoharibika. Hasa taja kifafa cha mimba, kujifungua kwa upasuaji, kutokwa damu nyingi na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Usione haya wala usifupishe. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba, kwa mfano, anaweza kupewa aspirini ya dozi ndogo kukinga kisirudi, na dawa hiyo inatakiwa ianze kabla ya wiki ya 20. Anayekuja kliniki mara ya kwanza akiwa na wiki 28 amechelewa kwa hilo.

Kichefuchefu kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na 16. Kula kidogo kidogo mara nyingi, kitu kikavu kabla ya kutoka kitandani, na kunywa maji kwa mafunda. Ukitapika hata maji, na mkojo ukawa haba na mweusi, unahitaji dripu.

Hatua ya 6: Wiki ya 13 hadi 27

Wiki ya 13 umeizungushia kwa ajili ya SP, dawa ya kukinga malaria. Hutolewa kwenye maeneo yenye malaria: vidonge 3 kwa mkupuo, unameza mbele ya nesi, kisha angalau mwezi mmoja kabla ya dozi nyingine. Lengo ni dozi 3 au zaidi hadi kujifungua. Haitolewi kabla ya wiki ya 13, wala kwa anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU. Foliki asidi ya miligramu 5 huipunguza nguvu. Ile ya mikrogramu 400 haina shida.

Vidonge vya kuongeza damu ni kila siku, na hapa ndipo wengi huvikatia tamaa. Kinyesi kitakuwa cheusi, ni kawaida. Vikikuchefua, meza usiku baada ya kula. Meza na maji au juisi ya chungwa, na usinywe chai, kahawa wala maziwa saa moja kabla na saa mbili baada, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Na udongo, uitwe pemba au odowa, nao huzuia madini na huweza kuja na mayai ya minyoo. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya damu kupungua, kwa hiyo mwambie nesi badala ya kuuficha kwenye pochi.

Mtoto kucheza: mwenye mimba ya kwanza huanza kumsikia wiki ya 18 hadi 20, aliyekwisha kuzaa mapema zaidi, hata ya 16. Mwanzoni ni kama kipepeo au gesi tumboni, si teke. Andika tarehe uliyomsikia mara ya kwanza. Ikifika wiki ya 24 hujamsikia kabisa, nenda ukasikilizwe mapigo. Kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika.

Wiki ya 20 mji wa mimba umefika usawa wa kitovu na mtoto ana gramu 300 na kidogo. Kati ya wiki ya 18 na 22 ndio wakati mzuri wa ultrasound ya kuangalia maumbile: moyo, mgongo, figo, mahali kondo lilipokaa. Ukishafanya ya mapema na hela ni ya ultrasound moja tu zaidi, iweke hapa. Kuhusu jinsia, mkao wa tumbo na hamu ya ndimu havisemi kitu.

Kuanzia wiki ya 24 nesi atakupima kwa futi kamba kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba. Sentimita hukaribiana na wiki, zaidi au pungufu 2: wiki ya 28 iwe 26 hadi 30. Kojoa kabla ya kupimwa, maana kibofu kilichojaa huinua kipimo. Namba ikizidi sana huenda ni pacha, maji mengi au tarehe mbovu. Ikipungua huenda mtoto hakui vizuri, au tena ni tarehe. Kwa asiye na tarehe ya uhakika, nesi hawezi kutofautisha.

Wiki ya 24 ina uzito mwingine. Mama akionekana ataanza uchungu kabla ya wakati, kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, ambazo kwa kawaida hutolewa kati ya wiki ya 24 na 34, kwenye hospitali inayoweza kumhudumia mtoto njiti. Daktari anaamua kwa wiki zilizoandikwa kwenye kadi yako. Ukiandikiwa 36 kumbe ni 32, mtoto anaweza kuzaliwa bila kupata sindano hiyo.

Kati ya 24 na 28 ulizia kipimo cha sukari, hasa kama kuna kisukari kwenye ukoo au uliwahi kuzaa mtoto wa kilo 4 na zaidi. Mwenye kundi lenye Rh hasi aulizie, wiki ya 28, sindano ya anti-D, inayozuia mwili wa mama usishambulie damu ya mtoto.

Hatua ya 7: Wiki ya 28 hadi 36, vikombe na maharage

Mtoto sasa ana kilo moja hivi, pakiti ya sukari, na macho yanafumbuka. Tafuta saa ambayo kwa kawaida huwa mchangamfu. Kwa wengi ni jioni baada ya kula.

1. Weka punje 10 kwenye kikombe cha kushoto.
2. Lala ubavu wa kushoto. Zima runinga, weka simu mbali, angalia saa.
3. Kila akicheza, hamisha punje moja kwenda kikombe cha pili. Teke, kujipindua, kujisukuma, vyote vinahesabika. Kwikwi, ile midundo midogo ya mpangilio mmoja, haihesabiki.
4. Punje zikiisha, andika ilichukua dakika ngapi. Wengi huchukua chini ya nusu saa.
5. Saa 2 zikiisha bila punje 10 kuhama, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Muhimu kuliko 10 ni mazoea yake. Aliyekuwa akimaliza kwa dakika 15 siku zote na leo amechukua saa na nusu, amebadilika. Usikubali kauli ya "mwisho wa mimba mtoto hulala". Nafasi hupungua na teke huweza kugeuka msukumo, lakini idadi haipaswi kushuka. Wala usinywe soda ya baridi kumwamsha halafu ukaridhika na mateke mawili.

Wiki ya 32 ana kama kilo 1.7 hadi 1.8, ya 36, kama kilo 2.6, na kilele cha mji wa mimba kimekaribia chembe ya moyo, ndiyo maana pumzi inakuwa fupi. Mtoto kukaa matako chini wiki ya 30 si tatizo, wengi hugeuka wenyewe. Wiki ya 36 akiwa bado hajageuka, mpango wa kujifungua uzungumzwe na daktari. Usimpe mtu akukande tumbo kumgeuza. Kondo linaweza kubanduka.

Hatua ya 8: Wiki ya 37 hadi 40

Kuanzia 37 mtoto anahesabiwa ametimia, ingawa wa 39 huwa na mapafu na ubongo uliokomaa zaidi. Asizalishwe mapema kwa sababu ya tarehe nzuri tu. Wengi huzaliwa na kilo 2.5 hadi 4.

Mkoba uwe umefungwa: kadi, khanga na vitenge safi, nguo na kofia ya mtoto, pedi, glavu na vingine ambavyo kituo chako kimeandika. Kama unakaa mbali, ulizia nyumba ya wajawazito kusubiria uhamie kabla ya uchungu.

Uchungu wa uongo hauna mpangilio na hutulia ukitembea au ukilala. Wa kweli hukaribiana, huongezeka nguvu, na mara nyingi huanzia kiunoni kuja mbele. Mimba ya kwanza, ukiishi karibu, anza safari ukija kila dakika 5 kwa muda wa saa moja. Aliyekwisha kuzaa, au mwenye kovu la upasuaji, asisubiri hapo. Chupa ikipasuka, andika saa na rangi ya maji, weka pedi, na uende hata kama huna uchungu. Maji ya kijani, nenda haraka zaidi. Dawa za miti za kuongeza uchungu usinywe kabisa: zinaweza kuubana mji wa mimba mpaka ukachanika.

Mambo yasiyosubiri, wiki yoyote

Kutokwa damu. Kichwa kuuma sana, kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali chini ya mbavu (presha ya 140/90 na kupanda, pamoja na protini kwenye mkojo, ni njia ya kuelekea kifafa cha mimba). Degedege. Homa. Kupumua kwa shida. Tumbo kuwa gumu na kuuma bila kuachia. Maji kutoka kabla ya wiki ya 37. Mtoto kupunguza kucheza.

Hesabu ikikwama

*Ultrasound na hedhi zimepishana.* Inategemea ulipimwa lini. Kabla ya wiki ya 9, tarehe hubadilishwa tofauti ikizidi siku 5. Kutoka 9 hadi kabla ya 16, ikizidi 7. Kutoka 16 hadi kabla ya 22, ikizidi 10. Kutoka 22 hadi kabla ya 28, ikizidi 14. Kuanzia 28, ikizidi 21. Tofauti ikiwa ndani ya hapo, tarehe ya hedhi inabaki.

*Ultrasound mbili, tarehe mbili.* Shika ya kwanza. Watoto wote wachanga tumboni hukua kwa mwendo unaokaribiana, lakini kufikia wiki ya 32 kila mmoja ana mwili wake. Mashine inapima ukubwa na kukisia umri, kwa hiyo mtoto mdogo wa wiki ya 36 atasomeka wa 33. Anayekubadilishia tarehe kwa ultrasound ya mwisho, mwonyeshe karatasi ya kwanza.

*Ultrasound ya wiki ya 5 haikuonyesha moyo.* Huenda ni mapema tu. Kama huna maumivu wala damu, kwa kawaida hurudiwa baada ya wiki moja hadi mbili. Usikubali kusafishwa kwa picha moja ya wiki ya 5.

*Tumbo langu ni dogo kuliko la mwenzangu wa wiki hizo hizo.* Urefu wako, misuli ya tumbo na idadi ya uzazi hubadili mwonekano. Angalia namba za futi kamba kwenye kadi: zikiongezeka kila hudhurio, vizuri. Zikisimama mara mbili mfululizo, uliza.

*Nimepoteza kadi.* Chukua daftari lako na karatasi za ultrasound, rudi kituo kile kile, kwenye rejista yao upo.

*Wiki ya 41 imefika, kimya.* Kwanza hakikisha ni 41 kwa hesabu ya Hatua ya 2, si miezi 9 ya mtaani. Kama ni kweli 41+0, nenda kliniki siku hiyo, na mkoba wako. Watapima mapigo ya mtoto, maji na mlango wa uzazi, na Shirika la Afya Duniani linashauri uchungu uanzishwe hospitalini wiki 41 zikikamilika, kwa sababu kadiri inavyoelekea 42 kondo huchoka na hatari kwa mtoto huongezeka. Ukiambiwa urudi kesho kutwa, rudi kesho kutwa, na vikombe vya maharage viendelee asubuhi na jioni.